Sumu Isiyo na Mwenyewe

Harufu ya ndizi zilizofukiwa shimoni haifanani na harufu nyingine yoyote. Ndani yake kuna moshi, majani ya mgomba yaliyokauka na udongo wenye joto, na juu ya hivyo vyote kuna utamu mzito unaokukaa kooni hata kama hujaonja kitu. Kwetu Murungu, upande wa Kibondo, harufu hiyo ikitoka kwenye ua wa mtu kitongoji kizima kilijua kwamba siku ya tano au ya sita kutakuwa na kazi, na baada ya kazi kutakuwa na chungu cha pombe ya ndizi. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kualika. Shimo lilialika lenyewe. Wanaume walianza kunoa majembe, na sisi watoto tulianza kutafuta mianzi myembamba ya kutengenezea mirija, kila mmoja akiusifia wa kwake kwamba unavuta kuliko wa mwenzake. Leo nikiipata harufu hiyo, hata kwa mbali, nabadilisha njia. Watu wa hapa Kasulu wanadhani ni ulokole. Si ulokole. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, shule yangu iliishia darasa la nne, na sijui kuandika kama waandikao vitabu, ila nitaeleza kama lilivyokuwa, na nitataja majina, kwa sababu hao watu walitutaja sisi bila kuona haya.

Baba yangu alikuwa ameenda Urambo kwenye tumbaku, na kwa miaka miwili hatukuwa na habari zake. Tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu Daudi aliyekuwa ndiyo kwanza anaacha kutambaa. Shamba letu lilikuwa zuri kuliko yote ya ukoo, bondeni, udongo mweusi, na migomba juu yake. Baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba, alilipenda shamba lile kiasi kwamba akija kutusalimu alilisalimu lenyewe kwanza. Alisimama kwenye ukingo, akashika kiuno, akatazama mpaka mwisho wa mpaka, ndipo akageuka kuuliza kama tumeamka. Mama peke yake asingeweza kulilima lote kabla ya mvua. Akafanya kama walivyofanya wote: akafukia ndizi.

Ila kulikuwa na tatizo moja. Mwaka ule mama alikuwa ameokoka. Mwinjilisti Barnaba, mtu mrefu wa maneno mengi, alikuwa amewaambia akina mama wa kanisa lake kwamba pombe isiguse mdomo wao hata kwa tone. Kupika ili wengine wanywe aliliachia dhamiri ya mtu, maana alijua bila chungu hakuna jembe. Lakini kuonja, hapana. Na kwetu pombe haitolewi bila kuonjwa. Mwenye nyumba ndiye anayeanza. Anaweka mrija, anavuta mbele ya macho ya watu, anameza, anasubiri kidogo, ndipo anampa mgeni. Anaonyesha kwamba hakuna uburozi ndani, yaani sumu ya kutegwa na mtu. Ukimpa mtu kinywaji hujaonja, ni kama umemwambia kwa kinywa chako kwamba unataka afe. Mama alilihangaikia jambo hilo siku zile zote ndizi zilipokuwa shimoni. Mwisho akapata njia aliyoiona nzuri: mimi nionje badala yake. Mimi ni damu yake, mtu hawezi kuweka sumu kwenye chungu halafu akamtanguliza mwanawe. Nilikuwa na miaka tisa, nikajiona mtu mkubwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimerudi kutoka Muyama kwa mjomba, kaka yake mama, nilikopelekwa nikae kidogo ili mama apate kufanya kazi akiwa na mtoto mmoja tu. Kule kulikuwa na binamu yangu aliyelazwa kwenye chumba chenye giza, macho yanatoka machozi, anakohoa. Nililala naye kitanda kimoja. Hakuna aliyeniambia anaumwa nini, na mjomba aliponipandisha kwenye lori la kurudi nyumbani hakumtumia mama salamu yoyote kuhusu hilo. Nalitaja jina lake pia: mjomba Festo. Mtu akisema hakujua, sawa. Lakini yeye alikuwa ameshazika mtoto mmoja kwa ugonjwa huo.

Siku ya kulima iliamka na ukungu. Walikuja watu wengi kuliko mama alivyotegemea, wakashuka bondeni kwa mstari, na ukungu ulipoinuka ulikuta nusu ya shamba imegeuka. Mimi sikwenda bondeni. Nilikaa karibu na jiko nikihisi baridi wakati wenzangu wanavua mashati, na macho yalikuwa yananiwasha. Mama alinishika shingoni mara moja, akaniangalia, halafu akaitwa na mtu akaenda. Jua lilipokuwa katikati watu wakapanda, wakanawa, wakakaa. Vyungu vilikuwa viwili, kikubwa cha pombe ya wakubwa na kidogo cha watoto, chenye umutobe, juisi ile ya ndizi kabla haijachacha, tamu mpaka inakufanya ufumbe macho. Mama akaniita katikati. Nikavuta kwenye chungu kikubwa, nikameza, watu wakacheka kwa jinsi nilivyokunja uso. Baba mdogo Zakaria hakucheka. Alimuuliza mama kwa sauti ya utani, mbele ya wote, "Shemeji, tangu lini mtoto ndiye mwenye nyumba?" Mama akajibu kwamba Bwana amemkataza. Shangazi Velediana, dada yao baba, akasema taratibu, kama anayejisemesha, "Bwana yupi huyo asiyetaka uonje ulichopika mwenyewe?" Ikapita. Watu walikuwa na kiu. Nikaenda kwenye chungu kidogo, nikavuta mara mbili kwa sababu kilikuwa kitamu, kisha wenzangu wakajazana na mirija yao, vichwa vimegusana, na mimi katikati yao nikikohoa na kucheka.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho niliyokuwa na wenzangu. Ningejua, ningewaangalia vizuri.

Baada ya siku tatu nilitoka upele. Nakumbuka mlango umefunguliwa kidogo, mwanga umeniangukia tumboni, na mama amepiga magoti akiutazama. Alisimama, akatoka nje, akakaa huko muda, kisha akarudi akafunga mlango na kuziba dirisha kwa kanga. Waliokuja kunijulia hali aliwaambia ni homa ya mbu, nimelala. Hakuna aliyeingia. Nilikaa kwenye giza lile siku nyingi, jicho langu la kushoto likiuma kama limetiwa pilipili, na nilipotoka jicho hilo lilikuwa limeingia ukungu mweupe ambao haujatoka mpaka leo. Nilitoka siku ambazo watoto wengine walikuwa wanaanza kulala. Eliasi wa baba mdogo Zakaria. Mabinti wawili wa shangazi Velediana. Wengine wa nyumba za jirani, ambao walipona. Na Daudi wetu. Eliasi alitangulia, akafuata binti mdogo wa shangazi, na Daudi akafa asubuhi mama akiwa amembeba mgongoni, hata hakujua mpaka alipomfungua ili amnyonyeshe.

Watu walijua surua. Msidhani tulikuwa wajinga kiasi hicho. Bibi zetu waliijua, na wakubwa wote walikuwa wameshaipata utotoni. Lakini walijiuliza, surua gani inayochagua chungu kimoja? Kitongoji cha ng'ambo ya kijito watoto wao walikuwa wanacheza. Waliougua ni wale walioinamia chungu kidogo cha mama Stela, basi. Stela ndiye mimi. Na Stela huyo aliyeonja kwanza mbona anatembea? Shangazi Velediana ndiye aliyelisema msibani, kwenye matanga ya mwanawe, na kwa uchungu ule hakuna aliyemzuia. Alisema mama alinipa dawa kabla sijaonja, ndiyo maana hakuonja mwenyewe, dawa ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mtu akamuuliza, na Daudi je, si mwanawe? Akajibu bila kupaza sauti, "Mrozi huanza kwa wake, asije akashukiwa." Neno hilo lilimaliza kila kitu. Ukiwa na mtoto mzima wewe ni mrozi, mtega sumu, na ukiwa na mtoto aliyekufa wewe ni mrozi mjanja. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nilikuwepo penye wengi, na neno niliona linavyoharibika.

Hawakutuchoma nyumba. Mara nyingi nimefikiri ingekuwa afadhali, tungeondoka mapema. Walituacha tu. Kwetu zamani kila asubuhi kulikuwa na mtu anayekuja na kipande cha chungu kuomba moto, au anayeleta chumvi aliyoazima, au mtoto aliyetumwa kuuliza kama tumeliona jembe lao. Yote hayo yakakoma. Moto wetu hakuna aliyeutaka. Nilikuwa nauchochea na kuutazama ukififia, nikiwaza kwamba kuna nyumba hapo juu wanaona afadhali kusugua viberiti vyenye unyevu kuliko kuja kwetu. Mtoni wanawake walinisubiri nichote niondoke, na aliyenifuata alimwaga ndoo yake ya kwanza akachota upya. Shuleni nilikaa dawati la mwisho peke yangu, na wakati wa mapumziko nilizunguka nyuma ya darasa nikacheza mdako na mkono wangu wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa mtu mwingine, ulikuwa na jina, na mara nyingi niliuacha ushinde ili usije ukaondoka. Mvulana mmoja tu alinikaribia, akaniambia tuweke dau kwamba nikimpulizia panzi, panzi atakufa. Nilipuliza. Panzi akaruka. Akasema basi nimempulizia vibaya, na akaenda.

Kilichonichoma kuliko yote ni kwamba mama hakujitetea. Hakusema hata mara moja kwamba nami niliumwa, kwamba jicho hili halikuharibika kwa dawa. Nilimwambia, mama, waambie niliumwa kwanza. Alinikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. Alisema nikithubutu kulitoa hilo nje ya nyumba, si mwanawe. Mwinjilisti Barnaba naye, ambaye neno moja lake madhabahuni lingetosha, kwamba ni yeye aliyemkataza mwanamke huyu kuonja, alihubiri juu ya Yona na samaki. Akaja mara moja jioni, akasimama nje ya ua, akasema anatuombea. Hakuingia. Mama alimletea maji kwenye kikombe, akayaonja kwanza mbele yake. Mwinjilisti akasema amefunga.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, baba mdogo Zakaria alikuwa ameshapanda kahawa kwenye nusu ya shamba letu, upande ule uliolimwa siku ile. Alisema damu ya Eliasi iko pale. Mwenyekiti wa kitongoji akasema yeye hawezi kuingilia mambo ya ukoo. Tukaondoka na godoro, sufuria mbili na jembe, kwa lori, tukashukia Kasulu ambako hakuna aliyetujua, na nilipouliza nitaanza lini shule mama akasema tutaona. Hatukuona. Mnyonge hana haki, na asiyeamini hilo asome habari za mama yangu.

Nimezeekea huku. Nimeuza dagaa na unga wa mihogo kwenye njia ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaolewa, nikaachwa, nikalea. Wakongo na Warundi wa kambini walinifundisha kwamba kila mtu ana kitongoji kilichomfukuza, na tulikaa sokoni tukitajiana majina ya waliotufukuza kama wengine wanavyotajiana majina ya wajukuu. Yangu yalikuwa matano: Zakaria, Velediana, Barnaba, Festo, na yule mwenyekiti ambaye jina lake nimelisahau, namwita Mwenyekiti. Wanangu wanayajua kwa mpangilio huo. Ndiyo niliyowarithisha.

Mwaka huu zahanati ya karibu yetu walituita wazazi na mabibi, kueleza habari ya chanjo. Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, jina lake Neema, mwenye subira, akasema surua inaletwa na virusi. Neno hilo nimelisikia miaka yote redioni, kila ugonjwa mpya unakuja nalo, na siku hiyo sijui ni nini kilinisukuma nikanyoosha mkono nikauliza hicho kirusi ni neno la wapi, maana Kiha si Kiha, na Kiswahili nacho si Kiswahili. Watu wakacheka. Jirani yangu, mama mmoja wa sokoni, akasema, "Mwacheni aulize kabila lake, huenda anatafuta mkwe." Hata Neema alicheka. Kisha akanijibu, na nilimpenda kwa kunijibu, kwa sababu hakunijibu kama mtu wa darasa la nne.

Alisema limetoka kwa Waingereza, na Waingereza walilichukua kwa Warumi wa zamani sana, na kwa hao Warumi maana yake ilikuwa sumu. Sumu kama ya nyoka, au ute unaonuka. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya waliliita hivyo chochote kilichotoka kwa mgonjwa kikamwambukiza mzima, maana hawakujua ni nini. Halafu wataalamu wakachukua majani ya tumbaku yaliyougua, wakayakamua, wakapitisha maji yake kwenye chujio la udongo laini mno, ambalo hakuna kijidudu kilichojulikana wakati huo kingeweza kulipenya. Hilo nililielewa vizuri, nimekamua na kuchuja tangu utotoni. Maji yakatoka masafi, bila kitu cha kuonekana, na wakiyatia kwenye jani zima, jani linaugua. Hawakukiona, hawakuwa na jina lake, wakalishika lile neno la zamani la sumu na kukipa. Baadaye sana vikapatikana vyombo vya kukionyesha, ila jina lilikuwa limeshakaa.

Nilikaa pale benchi nikilirudia neno hilo. Kwa hiyo wasomi nao waliita sumu. Velediana na wataalamu wa Ulaya walisimama mbele ya kitu kilekile wasichokiona, wakatamka neno lilelile. Nikamuuliza Neema kama hiyo sumu yao ina mwenyewe, kama ni lazima awepo aliyeitia. Akasema, "Hapana, bibi. Haina mwenyewe. Inapita tu kwa watu." Nikajisikia kama nimetua mzigo wa kuni. Uburozi wa kwetu haujawahi kukosa mwenyewe, ukiutamka tu tayari watu wanageuza shingo kutafuta nyumba. Nilitaka kupanda gari la Kibondo siku hiyohiyo, nikasimame kwenye kahawa ya Zakaria nimwambie yeye na dada yake, haikuwa na mwenyewe, mnasikia?

Laiti ningeondoka hapo. Lakini aliyeanza kuuliza hakomi. Nikauliza inapitaje, akasema kwa pumzi, kwa kikohozi, hata mrija si lazima, kukaa karibu kunatosha. Nikauliza inakaa siku ngapi mwilini kabla ya homa, akasema kumi hivi. Na huyo mtoto anaanza kuambukiza lini, akishatoka upele? Akasema hapana, siku nne hivi kabla ya upele, wakati watu wanadhani ana mafua. Jirani yangu alikuwa bado anatania pembeni. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya kanga. Muyama. Lori. Ukungu wa asubuhi ile, baridi iliyonishika mimi tu. Siku tatu. Nilihesabu upya nikianzia mwisho, nikafika palepale.

Mama yuko hai. Nimeishi naye miaka hii yote, ni mdogo sasa kama gunia lililopungua nusu. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nilikaa chini nikamweleza kila kitu, neno lile na Warumi wake, chujio, siku kumi, siku nne, na kwamba chungu hakikuwa na kosa, mimi ndiye niliyekuwa katikati ya vichwa vile nikikohoa. Eliasi. Mabinti wa shangazi. Daudi. Alinisikiliza huku akitoa mawe kwenye ungo. Nilipomaliza alisema, "Nilijua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu aliponifungulia mlango akaona tumbo langu. Alimkumbuka mtoto wa Festo aliyekufa, habari ambayo ilimfikia kwa njia nyingine, akajumlisha. Ndipo akafunga dirisha. Nikamuuliza, na nadhani nilipaza sauti, kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kuitwa mrozi, kupoteza shamba, kuzika mwanawe bila mtu wa kumshika mkono. Akaniangalia kama bado nina miaka tisa.

"Walikuwa wanatafuta mtu," alisema. "Ningekupa wewe?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Bado siwezi kuwasamehe wale watano, asinidanganye mtu. Zakaria alijua anachokitaka, na kahawa ile inachumwa mpaka leo. Lakini ninapoyataja majina yao siku hizi sauti yangu haitoki kama zamani. Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu akachomwe sindano. Mbele yetu kulikuwa na binti wa miaka kama tisa mwenye homa na vipele, na Neema alikuwa anamuuliza mama yake: ametoka wapi, alilala kwa nani, alicheza na nani. Mama yule anajibu bila kuogopa, Neema anaandika. Kisha wakampa mtoto dawa ya matone, wakamweleza mama asimtoe nje kwa siku kadhaa, na mama na mwanawe wakaenda zao nyumbani, mtoto anadai chapati. Hakuna aliyegeuza shingo kuwatazama. Ni maswali yaleyale, nakwambia, ambayo mama yangu aliyaona yakija kutoka mbali, akayazibia dirisha kwa kanga. Na mimi miaka hii yote nimelala chumba kimoja naye, ukuta mmoja, blanketi moja tulipokosa la pili, nikidhani mpweke ni mimi.